Safari Mbili za Siku Moja

Wiki iliyopita shuleni kwetu Buswelu, ninakofundisha Jiografia, liliingia boksi la vifaa vya michezo. Ulikuwa msaada wa watu wema wa mbali, wasiojua kwamba uwanja wetu ni mteremko wenye mawe ambako hata mbuzi hujikwaa. Mwalimu wa michezo alitoa kopo refu la bati, akavuta kipete cha juu, kopo likashusha pumzi na harufu ikatoka. Wenzangu waliendelea kunywa chai. Mimi niliweka kikombe chini nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jiko la shule mpaka kengele ilipolia.

Harufu ya mpira mpya wa tenisi sijui niwafananishie na nini. Ni gundi, ni raba, ni manyoya mapya ambayo hayajaguswa na vumbi. Ukifungua duka la viatu asubuhi unaweza kuipata kidogo. Kwa wengi ni harufu ya starehe za wakubwa. Kwangu mimi ni harufu ya dada zangu wawili kabla hawajaharibiwa, na ninyi mnaonisoma mnivumilie nikiwaeleza polepole, kwa sababu katika jambo hili hakuna mwovu hata mmoja. Angekuwepo, ningemlaani nikapumzika.

Tulizaliwa Buhongwa, enzi ambazo mashamba ya mihogo yalikuwa yanafika mpaka ukingoni mwa lami. Dada zangu ni Kulwa na Doto, na majina yanajieleza yenyewe: Kulwa ndiye pacha aliyetangulia kutoka, Doto ndiye aliyefuata. Mimi ni Shija, na hilo nalo si jina ambalo mtu alikaa akalifikiria. Kwetu Wasukuma anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, atake asitake, kama ambavyo siku inayokuja baada ya Jumatatu lazima iwe Jumanne. Bibi, mama yake baba, alikuwa na msemo wa kunitania kila sikukuu: "Mapacha hupewa, Shija huokota." Nami niliokota kweli, magauni yaliyopauka, viatu vilivyolala upande, madaftari yenye kurasa chache za mwisho.

Walifanana mpaka ikawa kero. Mama aliwatambua kwa sauti, Bibi kwa mwendo, baba kwa kubahatisha. Akitaka kumtuma mmoja alisema tu, "Wewe mwanangu," akangoja aone nani atainuka.

Baba alikuwa mtunza viwanja wa klabu moja mjini, upande wa ziwani, ambako wenye maduka na wakubwa wa ofisi walikwenda kucheza tenisi jua likipungua makali. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu. Asubuhi baba aliunyunyizia maji, akaukokotea gunia zito lililofungwa kwenye mti, kisha akachora mistari kwa chokaa, amekunja suruali, ulimi umetoka nje kama mtoto wa chekechea anayeandika herufi a. Jumamosi alituchukua watatu tukaokote mipira. Nyuma ya uzio kulikuwa na ziwa na mawe yake makubwa, mnandi wametandaza mabawa wakijianika, na upepo ukigeuka ulituletea harufu ya dagaa mpaka wacheza tenisi wakakunja pua. Sisi tuliona harufu ile ni ya chakula, tukashangaa pua za watu.

Kulwa alianza kucheza kwa sababu mtu mmoja alikosa kuja. Alikuwepo mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Siku hiyo mwenzake hakutokea, naye hakutaka kurudi nyumbani bila kutoa jasho. Akamwita mtoto aliyekuwa karibu, akampa raketi yenye ufa. "Rudisha tu," alimwambia. Mpira wa kwanza Kulwa aliupaisha ukaenda ziwani. Uliofuata pia. Baada ya hapo mipira ikaanza kurudi, ikarudi, ikarudi, na yule mzee akawa ndiye anayehema. Jumamosi iliyofuata mwenzake alikuja kwa wakati, lakini mzee alimwambia asubiri kwanza, anacheza na binti.

Mwishowe akampa ile raketi iwe yake, na hapo baba akaingia mashakani. Aliifunga kwenye gunia asiione mtu, akamrudia yule mzee na kofia mkononi. "Bosi, samahani. Huyu ana pacha. Naomba na ya mwenzake." Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti. Wiki ya pili alileta nyingine.

Lazima niwaambie kwa nini baba hakuona haya kuomba. Nyumbani kwetu mapacha hawakupewa kwa zamu, wala mmoja hakuahidiwa cha kesho. Ulichompa huyu ulimpa na huyu, saa ileile, kwa mkono uleule, la sivyo anayenyimwa ataugua, na akiugua sana atamwita mwenzake amfuate. Ndivyo Bibi alivyokuzwa na ndivyo alivyomkuza baba. Mwaka mmoja mjomba alikuja na jozi moja tu ya viatu, akampa Kulwa, akasema ya Doto ataileta mwisho wa mwezi. Wiki haikuisha Doto akashikwa na malaria, akalazwa. Baba alimwuguza akitetemeka kuliko mgonjwa. Zilikuwa mvua za masika, nusu ya Buhongwa walikuwa na malaria, hata mimi niliugua wiki hiyohiyo, lakini homa ya Shija haikuwa na maana yoyote, ilikuwa homa tu. Mjomba alipigiwa simu, viatu vya Doto vikaja, Doto akapona. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwambia baba kitu.

Kwa hiyo Doto naye alicheza tenisi. Alicheza kama mtu anayemfukuza kuku wa jirani, kwa adabu, bila nia ya kumpata. Alichokipenda ni kushona. Alikaa kivulini chini ya kile kiti kirefu cha mwamuzi na sindano yake, akipinda leso za watu wa klabu kwa uzi wa rangi, mpaka baba alipomwita aje achukue sehemu yake ya mchezo. Aliinuka bila kununa, akapigapiga, akamrudishia Kulwa uwanja. Nilimwuliza kama hapendi. Akasema, "Kulwa anatuchezea wote wawili. Mimi naangalia."

Na kweli ilipendeza kuangalia. Dada yangu Kulwa, aliyekuwa akivunja vikombe nyumbani na kumwaga uji, akiingia kwenye mistari ile ya chokaa aliacha kuwa mzembe. Alikuwa anaufikia mpira usiofikika. Raketi ilipougonga katikati, sauti yake ilikuwa nzito na fupi, na watu waliokuwa wanaongea pembeni walinyamaza bila kujua kwa nini wamenyamaza.

Akawa bingwa wa wasichana wa kanda yetu. Alirudi nyumbani na kombe, na Bibi akauliza swali moja tu: "La Doto liko wapi?" Kesho yake baba alishuka sokoni Makoroboi, akarudi na bakuli la sukari la bati, lenye mfuniko na mikono miwili, ambalo ukilitazama kutoka mlangoni unaapa ni kombe. Yakawekwa kabatini bega kwa bega. Wageni walipokuja walimpongeza Kulwa, wakampongeza na Doto, na Doto alijibu "Asanteni" kwa uso mkavu kama wa katekista. Kisha tulikimbilia nyuma ya jiko sisi watatu tukacheka mpaka tukakaa chini. Kila Kulwa aliposhinda, Doto alipata chombo. Mama alisema angalau mmoja wao analeta vitu vinavyofaa jikoni.

Ninapenda kuishia hapo ninapowasimulia wanangu. Ninyi siwezi kuwaishia hapo.

Walipomaliza kidato cha nne, alikuja Mama Veneranda. Alikuwa mwanamke wa Kihaya, mrefu, aliyewahi kucheza tenisi ujana wake na sasa alikuwa anafundisha kwenye kituo kimoja Dar es Salaam. Alimwona Kulwa kwenye mashindano ya pale klabuni, akafunga safari mpaka nyumbani. Mama alimpikia sato wa kukaanga na ugali. Alinawa, akala, akasifu, ndipo akasema lililomleta. Kulwa aende Dar akaishi kituoni, afundishwe kila siku, asafirishwe kwenye mashindano ya nje. Kila kitu kimeshapangwa. Nafasi ni moja.

"Mwalimu," baba alisema, "hawa ni mapacha."

"Naona, mzee wangu. Wanafanana kweli."

"Hapana," baba akasema taratibu. "Hujaona."

Alieleza, na mgeni wetu alisikiliza kwa heshima. Alisema atajitahidi kuomba nafasi ya pili. Hakuipata, nani angempa nafasi Doto, ambaye mpira ukimjia aliusogelea kama anayekwenda kuusalimu? Alipoondoka aliacha muda wa kufikiri, na nyumba yetu ikaingia kiza.

Mama alijaribu. "Kulwa aende, Doto abaki hapa anisaidie. Atajifunza cherehani kwa jirani. Kubaki na mama yake nako si ni kitu?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Ulimi wake haukuwahi kukubaliana na herufi r, na nikiwa peke yangu bado ninamsikia. "Kubaki si kupewa," alisema. "Safali ikimpata mmoja, na mwingine aipate. Siku hiyohiyo. Mkimwacha mmoja mlangoni, mmemwachia kabuli."

Kulwa akasema, "Basi siendi." Akatoka nje. Raketi zake alizining'iniza kwenye msumari juu ya mitungi, na wiki nzima hakuzigusa. Alikula kidogo, akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Baba akawa anakwenda kazini na kurudi bila kumtazama mtu usoni. Mimi nilikuwa darasa la tano na nilimwomba Mungu kila siku kanisani ampe Doto safari yoyote ile, hata ya kwenda Magu, ili nyumba yetu icheke tena.

Safari ikapatikana. Upande wa pili wa maji, huko Sengerema, kulikuwa na ukoo tuliojuana nao, wafugaji na wakulima wa mpunga, ambao kijana wao Masunga alikuwa anatafuta mke. Walishawahi kuulizia mabinti zetu; yupi kati yao, hawakusema, na pengine wasingeweza kuwatofautisha. Baba alikuwa amewaambia wasubiri. Sasa aliwatumia ujumbe waje. Nakumbuka alivyorudi jioni ile kutoka kuzungumza nao, amenyooka mgongo kama mtu aliyetuliwa gunia. Alimkumbatia Kulwa, akamkumbatia Doto, kwa muda uleule. "Wanangu," alisema, "nyote mnasafiri."

Kulwa alipiga kelele ya furaha. Doto alimtazama Kulwa akipiga kelele, kisha naye akatabasamu. Hilo tabasamu nilikuwa nimelizoea. Ndilo alilolitumia akiitwa kuacha sindano kwenda kuchukua sehemu yake ya mchezo.

Mnaweza kudhani baba aliuza binti. Ningefurahi kama ingekuwa hivyo, ningejua pa kuweka hasira yangu. Ng'ombe wa mahari walipokuja hata hakuwatazama vizuri. Yeye shughuli yake ilikuwa usawa. Alinunua masanduku mawili ya rangi moja. Viatu jozi mbili za namba moja, magauni mawili kutoka jora moja, mashuka mawili, taulo mbili. Usiku wa kuamkia safari aliyainua yale masanduku, moja mkono huu na moja mkono huu, akasimama katikati ya sebule amefumba macho. Kisha akayatua, akatoa mche wa sabuni kwenye la Kulwa akautia kwenye la Doto, akayainua tena, akaridhika. Sijawahi kumwona mtu akimpenda mtoto wake kwa uangalifu kiasi hicho, na sijawahi kuona upendo ukikosea njia namna hiyo.

Asubuhi tulikwenda wote mpaka Usagara, pale njia panda. Barabara moja inashuka Shinyanga na kuendelea mpaka Dar, nyingine inakatia kulia kwenda Kigongo kwenye kivuko cha kuvukia Busisi. Baba alikuwa amepanga waondoke kwa pamoja, asitangulie mtu. Basi la Kulwa lilikuwa linaunguruma, kondakta anapiga bodi kwa kiganja. Upande wa pili lilisimama gari la akina Masunga, limefungwa vitambaa vya rangi, wanawake wanaimba ndani. Bibi alisimama katikati akiwashika mkono, akawaachia kwa mpigo mmoja.

Mimi nililia sana. Akina mama wa njia panda waliniona, wakanihurumia, mmoja akaniletea karanga za kukaanga kwenye karatasi. Walidhani nalilia dada zangu. Nilikuwa nalilia sanduku. Watu wawili wamepata masanduku mapya na viatu vipya na safari, na Shija hata soksi. Doto alishuka garini, akaja akachutama mbele yangu, akanifuta kamasi kwa upindo wa gauni lake jipya. "Nyamaza," alisema. "Kati yetu sisi watatu, wewe ndiye mwenye bahati." Nilikasirika, nikaona ananitania kama Bibi. Ilinichukua miaka mingi, chuo cha ualimu, mume niliyemchagua mwenyewe na mshahara wa jina langu, ndipo nikajua hakuwa anatania. Mimi hakuna aliyejiona ana deni la haki kwangu. Kwa hiyo waliniacha.

Kulwa aling'ara. Hilo nalo lisemwe, maana alistahili. Alikuwa bingwa wa taifa wa wanawake akiwa bado na sauti ya mtoto kwenye simu. Alikwenda Nairobi, alikwenda Kampala, alikwenda Kigali, na mara moja alipanda ndege kwenda mbali zaidi, akarudi akitusimulia kuhusu viwanja vya majani mabichi ambavyo baba alikataa kuamini. Wakubwa wa klabu walimwita baba ndani, yeye aliyezoea kukaa nje, wakampa soda. Naye hakusahau wajibu. Kulwa akipata kombe, sufuria ilivuka maji kwenda kwa Doto. Kulwa alipokwenda Kigali, baba alimpigia simu mkwewe akamwomba ampeleke Doto Geita akamtembelee wifi yake. Mizani yake ilikuwa sawasawa, akalala vizuri.

Nilikuwa kidato cha pili Kulwa alipokuja likizo na kusema twende tukamwone Doto. Walikuwa hawajaonana tangu Usagara. Kila Kulwa alipopata nafasi, Doto alikuwa anajifungua au analima au anauguza. Tulivuka na mfuko mkubwa uliojaa vitu viwiliviwili. Kwenye kivuko watu walimtambua, wakamwita "bingwa", kijana mmoja akaomba kupiga naye picha. Alikuwa amevaa suruali nyeupe na raba nyeupe, ngozi inang'aa, anacheka na kila mtu.

Boma la Masunga lilikuwa ng'ambo ya mbuga ya mpunga. Shemeji yetu alitupokea vizuri. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, alikuwa mtu wa kazi aliyetaka mke wa kazi. Doto alitokea nyuma ya zizi na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, mwingine ameshika kitenge chake, na tumboni mwingine. Nilimtambua kwa sababu nilijua ndiye. Mashavu yalikuwa yamezama. Jino la mbele halikuwepo. Alitua ndoo, akanyoosha mgongo kwa vipande, kwanza kiuno, kisha mabega, kisha shingo. Wakakumbatiana wakakaa hivyo muda mrefu, na mtoto wa mgongoni akaanza kulia.

Kulwa alifungua mfuko. Alitoa raba nyeupe, jozi ya Doto, namba ileile waliyovaa maisha yao yote. Hazikuingia. Miguu ya Doto ilikuwa imetanuka, visigino vimepasuka, vidole vimeachana kwa kukanyaga tope. Walijaribu kwa mzaha, kisha bila mzaha, Kulwa amepiga magoti anasukuma kisigino cha pacha wake. Wakati huohuo akapita msichana wa jirani amebeba kuni. Akapiga goti kidogo kwa Doto. "Shikamoo mama." Kisha akamgeukia Kulwa, akaona rika lake, akatabasamu. "Mambo, dada! Umekuja kumsalimia mama mkubwa?"

Doto alijibu, "Marahaba." Kulwa aliweka kile kiatu chini.

Kurudi kwenye kivuko watu walimwita tena bingwa, naye akageukia majini. Ilikuwa arudi Dar kesho yake, kulikuwa na mashindano ya nje yanamsubiri na Mama Veneranda alishapiga simu mara kadhaa. Asubuhi baba alimkuta amekaa kwenye ngazi, sanduku halijafungwa.

"Baba," alisema, "ulitufundisha mmoja asipewe peke yake."

"Ndiyo, mwanangu. Na sijawahi kukosea hata mara moja."

"Basi mimi nimepewa peke yangu."

Baba hakuelewa. Alianza kumhesabia: sanduku kwa sanduku, viatu kwa viatu, safari kwa safari. Kulwa alimsikiliza mpaka mwisho, akambusu mkono, akaingia ndani kubadili suruali. Juma hilo alivuka maji tena na jembe jipya alilolinunua Buhongwa. Mama Veneranda alikuja mwenyewe kumfuata, akarudi akilia barabarani bila kujificha. Magazeti yaliandika kidogo kwamba bingwa ameacha mchezo kwa sababu za kifamilia, kisha yakapata bingwa mwingine. Baba aliendelea kuchora mistari yake kwa chokaa mpaka alipostaafu, na kila nilipomtazama niliona mtu anayetafuta mahali alipokosea hesabu.

Kulwa aliomba kipande cha shamba jirani na Doto. Aliolewa baadaye na mwalimu wa shule ya pale, ndoa isiyo na makuu. Alibeba nusu ya ndoo za Doto, nusu ya kuni, nusu ya watoto. Jua la mbugani likafanya kazi yake kwake pia. Siku hizi ukiwaona wawili hao wameinama kwenye mpunga, huwezi tena kusema yupi ni yupi.

Mwaka huu likizo ya Pasaka nilikwenda. Siku hizi kuna daraja. Maji yale yaliyokuwa yakitupotezea nusu ya siku, sasa gari linayavuka kabla hujamaliza kumenya chungwa. Nilimkuta Doto barazani anabambua karanga, Kulwa yuko bondeni. Nikakaa tukabambua pamoja. Baba tumeshamzika, Bibi alitangulia zamani, hakuna tena wa kuheshimu kwa kunyamaza, nikauliza nililopaswa kuuliza miaka yote.

"Dada, ile wiki ya Mama Veneranda, ungeulizwa unataka nini, ungesemaje?"

Aliendelea kubambua. "Ningesema nibaki kwa mama. Nishone. Mwenzangu aende akacheze." Alipuliza maganda. "Mimi sikuwa mgonjwa, Shija. Alipokuwa anaupiga ule mpira nilikuwa nauona mkono wangu. Sikuhitaji cha kunilinganisha."

"Na alipokuja kuishi huku?"

Hapo alisimamisha mikono. Alitazama bondeni kwanza, akaona mwenzake yuko mbali.

"Nilikuwa na redio," alisema. "Ilikaa hapo ukutani. Betri zikichoka nazianika. Jioni wakisoma habari za michezo, shemeji yako anajua, saa hiyo mtu hanitumi. Nawasikia wanasema Kulwa wa Mwanza amemshinda fulani huko. Kesho yake naenda kisimani natembea kama mtu. Nikizidiwa na jembe najiambia si neno, nusu yangu haipo hapa, nusu yangu imevaa nyeupe. Sasa siku moja naona anaingia hapo na jembe begani. Ananiambia, 'Doto, nimekuja tugawane.' Nikamkumbatia. Ningefanya nini? Lakini ile siku, mdogo wangu, ilinishinda kuliko hata ile ya Usagara. Tangu siku ile mimi niko hapa nzima."

"Umewahi kumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi yangu ilikuwa ndiyo hiyo aliyoitupa?"

Kulwa alipanda kutoka bondeni, tope mpaka magotini, bega la kulia limeshuka kidogo kama lilivyo sasa. Akanisalimia kwa kelele, akakaa kwenye mkeka, akachota karanga. "Mnaongea nini nyie?"

"Karanga," Doto akasema. "Mwaka huu zina mapepe."

Wakabambua, wale wawili, mikono inakwenda sawa bila kuangaliana, na nilipomtazama Kulwa nilimwona ametulia kama mtu aliyelipa. Anaamini alimrudishia pacha wake haki. Imani hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi na kumpeleka kwenye tope bila kulalamika, na Doto anaijua, na kila siku anaketi karibu naye akiilinda. Nilipokuwa mtoto niliona kwetu hakuna kitu ambacho mapacha hawakugawana. Sasa najua kimoja, na Doto atakwenda nacho kaburini peke yake.